Kujumlisha Mazimwi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kutwa nimeshinda na fanksheni ya Weierstrass, ile aliyoitangaza Berlin mwaka 1872. Grafu yake haikatiki popote, na popote haina mteremko. Ikuze mara elfu, bado ni miba mitupu. Mwaka 1893 Hermite alimwandikia Stieltjes kwamba fanksheni za aina hii zinamtia hofu na karaha. Mimi naziita mazimwi, na nazipenda tangu nilipoiona ya kwanza.

Ila kuzijumlisha ni shida. Ikiwa f ni zimwi, x − f nayo ni zimwi, lakini jumla yake ni x, mstari ulionyooka. Basi zote pamoja haziwi nafasi ya vekta. Je, ndani yake imo nafasi kubwa ambayo kila fanksheni, isipokuwa sufuri, ni zimwi?

Jumatano, usiku
Nilidhani nimeipata: kuzidisha f kwa polinomia. Nikaijaribu x·f(x) penye 0. Gawanya h·f(h) kwa h, inabaki f(h), nayo inaelekea f(0). Mteremko upo! Nukta moja tu, na kazi ya siku mbili imebomoka. Nitalala vibaya.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa ni kuiacha f na kubadili namba iliyo ndani yake. Jumlisha mawimbi aⁿ·cos(9ⁿπx), n ikianzia 0 bila kikomo. Kila a kati ya 7/9 na 1 ina zimwi lake. Nimechukua mara 3 la 0.9, nikatoa mara 5 la 0.8. Vizidishi vya mawimbi: −2, −1.3, −0.77, −0.373, −0.08 hivi. Kalamu ilikuwa inanitetemeka. Cha sita: 0.133! Hapo 0.9 imeshika usukani na haiuachii tena, na miba inatoka kwenye mawimbi hayo ya mbele, mafupi kupita kiasi. Changanya a ngapi upendazo, iliyo kubwa ndiyo itakayotawala. Vekta huru, basi, ni nyingi sawa na namba halisi zenyewe.

Jumapili
Nimerudi kwa mwanahisabati Gurariy, aliyeonyesha mwaka 1966 kwamba nafasi ya dimensheni zisizo na kikomo imo ndani ya mazimwi. Mwaka 1999, pamoja na Fonf na Kadets, akapata hata iliyofungika, isiyopoteza kitu ukichukua limiti. Kwa fanksheni zenye mteremko kila mahali kwenye [0,1], zile tunazofundishwa shuleni, alithibitisha mwaka ule ule wa 1966 kwamba nafasi iliyofungika ya dimensheni zisizo na kikomo haipo hata moja.