Riziki ya Mzamiaji

Watu wengi wakimwona mzamiaji ameketi ukingoni mwa mashua na mtungi mgongoni hudhani amebeba oksijeni. Jambo hili nimelisahihisha mara nyingi, darasani na barazani, wala sijachoka: mle mna hewa hii hii tunayovuta wewe na mimi, ila imeshindiliwa kwa mashine. Chombo chenyewe si cha kale. Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walikitengeneza mwaka 1943. Wazee wetu wa pwani walizama kwa pumzi zao tu.

Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu anaishi kwa kazi hiyo, kaskazini ya Unguja, akiwashusha watalii kutazama matumbawe. Alipokuja kunipa shikamoo Idi iliyopita nilimwuliza, kama tuulizavyo wazee: mwanangu, kumbe mtu hulipwa kwa kuogelea? Alicheka, akanieleza siku yake. Asubuhi mapema hujaza mitungi, hukagua mipira ya kupumulia, hupakia mashua, huwafunga wageni mikanda ya risasi ili wasielee. Saa nyingi za kazi yake ni za nchi kavu. Akiwa chini hatazami samaki. Hutazama macho ya wageni na kipimo cha hewa yao. Masika ikiingia wageni hupungua, na mshahara nao hupungua.

Kilichonivutia mimi ni hesabu. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Basi kwenye mita 30 mtu hubanwa mara nne, na mtungi ambao ungemtosha saa nzima akiwa juu humwishia kwa robo saa. Mtoto wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo. Hatari kubwa iko katika kupanda. Naitrojeni iliyojipenyeza mwilini, mtu akipanda upesi, hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kumpoozesha. Wamiskito wa pwani ya Honduras na Nikaragua, wanaozamia kambakoche, wengi wao wamepooza miguu. Hulipwa kwa uzito wa wanachotoa, kwa hiyo mtungi mmoja ukiisha huvaa mwingine.

Sisi huku huwakumbuka wazamiaji siku ya msiba. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, wazamiaji wa jeshi la maji la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa maiti. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, wazamiaji walimkuta fundi wa mitambo yu hai siku mbili baadaye, mahali palipobakia hewa. Mwaka 2019 gari lenye mama na mwanawe lilitumbukia kutoka kivukoni Likoni; liliopolewa baada ya karibu wiki mbili, kutoka kina kinachokaribia mita 60. Piga hesabu mwenyewe, msomaji, mtungi ungedumu dakika ngapi pale.

Nilimwuliza kijana wangu: likikupata la kukupata, nani atakulipia hospitali? Akanyamaza. Nikamwuliza kuhusu mkataba. Akasema walikubaliana kwa mdomo, mwaka wa sita sasa. Nikamwambia adai karatasi, anionyeshe tuisome pamoja kabla hajatia saini. Hajaileta.

Mdogo wake amemaliza kidato cha nne na anataka kumfuata huko huko. Mama yao amenituma nimzuie. Kumzuia sitamzuia, maana kazi ni halali na bahari ni yao. Nimempa ile hesabu ya mita 30, na ya mita 60, nikamwambia akimaliza aje nazo Jumamosi, pamoja na kaka yake.