Ngoma Ilipasuka

Somo la kauli za kitenzi hatulianzi na jedwali. Tunalianza na alasiri moja mjini Gitega, tulipowapeleka wanachuo wetu kutazama mashindano ya ngoma, kila mmoja akiwa na daftari la kuandikia sentensi kumi juu ya atakayoyaona. Chuo chetu nacho kilikuwa na kikundi chake uwanjani.

Asiyepata kuziona ngoma za Burundi na ajue kwamba si ngoma za kupakatwa. Huchongwa katika gogo zima, huwambwa ngozi ya ng'ombe iliyoshikizwa kwa vigingi, na wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamezibeba kichwani huku wakizipiga. Kisha hupangwa nusu duara. Inkiranya, ngoma ya katikati, ndiyo huongoza. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Tena katika Kirundi neno ingoma humaanisha ngoma na pia ufalme; basi ngoma ikiharibika mbele ya watu, si jambo la kuchekewa.

Siku hiyo mvua ilitangulia. Ngozi zikalegea, ngoma zikalia kama madebe yaliyojaa maji. Katika kikundi kilichotutangulia mpigaji mmoja aliteleza, ngoma ikamtoka kichwani na kubingirika hadi miguuni pa waamuzi, na wenzake hawakupoteza mdundo hata mmoja. (Sentensi bora za siku hiyo zilihusu anguko lile.) Vijana wetu walikuwa nyuma ya jukwaa wakizikausha ngozi kwa moto. Tukaona wanakawia. Tulipoitwa mara ya pili, tukawaamuru wazisogeze ngoma karibu zaidi na moto.

Hatukufika mbali. Kiongozi aliporuka mara ya tatu, inkiranya ilitoa sauti ya kitambaa kinachoraruliwa. Ukingo wa ngozi ulikuwa umeungua. Mpigaji alibaki na mikwiro mikononi, asijue pa kutazama.

Kesho yake tukasoma madaftari darasani. Wengi waliandika: "Ngoma ilipasuka." Ni kauli ya kutendeka, na ni sahihi, ngoma imepasuka kana kwamba ni yenyewe. Wengine walichomeka methali ya ngoma kulia sana, nasi tukaifuta, kwa kuwa ile yetu haikupata hata nafasi ya kulia. Mmoja aliandika: "Ngoma ilipasuliwa na mwenzetu aliyelinda moto." Kauli ya kutendwa, mtenda ametajwa baada ya "na". Kisarufi hatukuwa na la kusahihisha. Lakini mlinzi wa moto aliinuka kimya akatoka nje.

Msichana mmoja alikuwa ameandika: "Ngoma iliwekwa karibu mno na moto." Yeye hakuwa miongoni mwa wapigaji, kwani kwa amri ya mwaka 2017 upigaji wa ngoma hizi ni wa wanaume pekee, alikuwa amesimama kando ya moto akiandika. Tulimsifu, tukaeleza kwamba kauli ya kutendwa huruhusu mtenda kuachwa.

"Samahani, mwalimu," akauliza, "huachwa kwa sababu hajulikani, au kwa sababu anajulikana?"

Darasa likanyamaza. Vitabu vya sarufi hutaja sababu zote mbili, nasi tulijua vizuri ni ipi iliyokuwa ikiulizwa. Tukachukua chaki tukaandika kauli ya kutenda: "Tuliipasua ngoma." Tukawataka wachanganue: tu-, nafsi, -li-, wakati uliopita, -i-, kiambishi cha mtendwa, ngeli ya I-ZI, mzizi na kiishio.

"Tu- ni nafsi ya kwanza wingi," msichana akasema kwa adabu. "Tulikuwa wangapi, mwalimu?"

Tuliifuta tu- kwa kiganja, tukaandika ni- mahali pake. Kisha tukatoka kumtafuta yule kijana. Alikuwa chini ya mti karibu na lango, na ilichukua muda kabla hajakubali kurudi. Wiki iliyofuata ngozi mpya ilinunuliwa, na aliyeinunua ametajwa katika zoezi la pili. Jedwali la kauli linafuata.