Kuuliza Si Ujinga: Niliyojifunza Italia

Na mwanafunzi wa zamani wa madrasa



 Nawashukuru walimu wangu kwa kunipa nafasi katika jarida letu la mwaka huu. Nimeombwa niwasimulie wadogo zangu habari za mwaka niliosoma Italia, tangu Septemba 2008 hadi Agosti 2009. Najua wengi mnasubiri habari za mnara ulioinama, na inshaallah mtazipata. Lakini nianze na jambo lililonitokea hapa hapa Dodoma, juu ya mkeka wa madrasa, kwani bila hilo mengine hayataeleweka.

SWALI JUU YA MKEKA

Nilikuwa na miaka tisa. Maalim alikuwa akitusomesha Suratul Fatiha. Nikanyoosha mkono nikauliza: katika "Alhamdu lillahi", ile haa ya kwanza na ile ya mwisho zina tofauti gani? Darasa zima likacheka. Maalim aliwanyamazisha akaanza kunijibu, lakini mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, machozi yananilenga, wala sikusikia alichosema. Tangu siku hiyo sikunyoosha mkono tena. Shule ya msingi, sekondari hadi chuo kikuu Dar es Salaam, nisichokielewa nilikitafuta mwenyewe usiku kwenye vitabu. Kwa kuwa nilifaulu, nikadhani hiyo ndiyo njia nzuri ya kusoma.

SWALA KUMI

Baada ya kumaliza shahada ya hisabati nilipata ufadhili wa kusoma stashahada ya uzamili katika Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, mjini Trieste, kaskazini mashariki ya Italia. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia kutoka Pakistani ambaye mwaka 1979 alipata tuzo ya Nobel. Yeye mwenyewe aliporudi kufundisha Lahore mwaka 1951 alijikuta hana mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake. Ndipo baadaye akataka pawepo mahali ambapo wasomi wa nchi maskini watakutana na kuulizana. Hisabati nayo husomeshwa hapo.

Nilifika usiku, mwezi wa Ramadhani, mvua ikinyesha. Nilipewa chumba chenye dirisha linalotazama baharini. Nikataka kuswali Maghrib na Isha, nisijue Kibla kiko wapi. Hapa Dodoma Makka iko kaskazini yetu, lakini nilijua kwamba kwa mtu aliyeko Italia iko kusini mashariki. Nikafikiri: bahari niliyowahi kuiona ni ya Dar es Salaam, nayo iko mashariki. Basi nikaifanya bahari hii nayo kuwa mashariki, nikageuka kidogo kuume, nikaswali.

Jirani yangu alikuwa kijana wa Kisudani, naye ni mwanafunzi. Tulikutana jikoni wakati wa daku. Ulimi uliniwasha kumuuliza, lakini niliona aibu. Nimekuja kusoma hisabati, nitamwambiaje mtu kwamba sijui kusini ni wapi? Siku mbili mbingu ilifunga, jua halikuonekana. Siku ya pili jioni mawingu yakafunguka, nikasimama dirishani na tende mkononi nikingoja kufuturu. Ndugu msomaji, nililiona jua likishuka kule kule baharini! Bahari ya Trieste iko magharibi. Siku zote hizo nilikuwa nikiipa Kaaba mgongo.

Usiku ule nilinunua kadi ya simu nikampigia Maalim wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu:

"Mwanangu, palikuwa na mtu wa kumuuliza?"

"Alikuwepo, Maalim."

"Basi zirudie zote. Ungekuwa peke yako tungezungumza mengine."

Nilizihesabu, zikawa swala kumi. Nikazirudia zote usiku huo huo.

UPEPO, CHAKULA NA MTIHANI

Mngedhani nilipata funzo. Wapi! Kwa mambo ya swala na chakula nililazimika kuuliza, kwani dini haina mchezo. Neno la Kiitaliano nililolijua mapema kuliko yote ni "maiale", yaani nguruwe, na la pili ni "strutto", mafuta yake, ambayo mahali pengine hutiwa hata kwenye mikate. Nikawa naishi kwa samaki, maharage na mayai. Siku moja kwenye bwalo la chakula nikaona kitu cha manjano kimepakuliwa kama bonge. Nikauliza ni nini, nikaambiwa ni "polenta", unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto. Ndugu zangu, ulikuwa ugali! Mlenda tu ndio haukuwepo.

Kipupwe kilipofika nikakutana na upepo wa mji ule. Unashuka kutoka milimani kuelekea baharini, na mara nyingine hupita kasi ya kilometa 100 kwa saa. Zamani watu wa Trieste walifungiwa kamba barabarani za kushikilia wasiangushwe. Nilipoambiwa jina lake nilicheka peke yangu: unaitwa "bora". Sisi wa Dodoma tunaujua upepo na vumbi lake, lakini hatujawahi kuupa sifa hiyo. Mchana nao ulikuwa mfupi. Hapa kwetu Maghrib haiendi mbali na saa 12 na nusu hadi saa 1. Kule, mwezi Desemba, jua huzama baada ya saa 10 jioni, na mwezi Juni hukaribia saa 3 usiku.

Darasani nilirudi kuwa yule yule wa kuinamisha kichwa. Wenzangu walitoka nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Dada mmoja aliuliza maswali ambayo mimi niliyaona madogo mno, nikawa namshangaa. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa Mtanzania pekee katika darasa letu, nikahofu nikiuliza watasema Watanzania hawajui. Usiku nilikesha na vitabu kama zamani. Safari hii havikutosha. Mtihani wa kwanza wa somo la topolojia nilipata chini ya nusu, na yule dada akaongoza.

Nililala siku mbili sina raha. Baba alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe yuko Ulaya. Nikirudi bila cheti nitapita njia gani? Mhadhiri aliniita ofisini kwake, akaifungua karatasi yangu, akaonyesha kosa lilipoanzia. Lilikuwa jambo la wiki ya pili! Yote yaliyofuata yalijengwa juu yake. Akaniuliza kwa upole, "Miezi yote hii, kwa nini hukuuliza?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikumbuka swala kumi.

Wiki iliyofuata nilinyoosha mkono. Moyo ulinidunda kama ngoma. Niliuliza jambo nililodhani kila mtu keshalielewa. Mhadhiri aliacha alichokuwa akiandika, akalieleza upya karibu nusu saa. Tulipotoka, wenzangu watatu walinifuata kunishukuru. Nao walikuwa hawajalielewa, wakinyamaza kama mimi.

PISA NA ROMA

Likizo ya Aprili 2009 mimi na yule rafiki yangu wa Kisudani tuliamua kutembea kwa treni. Tulianza na Pisa. Mnara ule ni mnara wa kengele za kanisa kuu, una urefu wa meta zipatazo 56, nao ulianza kujengwa mwaka 1173. Ardhi ya upande wa kusini ni laini, ukaanza kuinama kabla haujamalizika. Mwaka 1990 ulifungwa kwa kuhofiwa kuanguka. Wataalamu hawakuusukuma wala kuuvuta ili usimame wima. Walichimba na kuondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, mpaka mnara ukarudi nyuma karibu nusu meta. Ukafunguliwa tena Desemba 2001. Ukiutazama kwa macho bado umeinama sana, ila sasa uko salama.

Lakini mimi nilikwenda Pisa kwa ajili ya mtu mwingine. Karibu na mnara pana makaburi ya kale yaliyozungushiwa ukuta, na ndani yake pana sanamu ya Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci. Baba yake alisimamia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa katika bandari ya Bugia, nchini Algeria, akamwita mwanawe huko. Katika nchi ile ya Waislamu kijana alisomeshwa tarakimu zilizotoka India, akaendelea kuuliza na kujifunza katika safari zake za Misri, Shamu na Sisilia. Mwaka 1202 akaandika kitabu kuwafundisha watu wa kwao namna ya kuhesabu kwa tarakimu tisa pamoja na alama ya 0. Waarabu waliiita "sifr". Yeye akaandika "zephirum", na Waitaliano baadaye wakafupisha kuwa "zero". Basi "zero" yao na "sifuri" yetu ni ndugu wa mama mmoja. Kijana huyu hakuona haya kukaa mbele ya walimu wasio wa dini yake wala lugha yake, na faida yake inatumika hadi leo katika kila duka la Ulaya.

Roma tulishinda Ijumaa moja, na nia yetu ilikuwa kuswali katika Msikiti Mkuu. Tulipotea njia. Mama mmoja mzee tuliyemuuliza, Mkristo, aliacha shughuli zake akatusindikiza mpaka kituo cha basi. Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 1995, na mchoraji wake mkuu alikuwa Mwitaliano, Paolo Portoghesi. Nguzo za ndani zinatanuka juu kama matawi ya miti, hata ukikaa chini unajiona uko msituni. Tulipotoka, Msomali mmoja aliyewahi kuishi Mombasa alinisikia nikitamka neno la Kiswahili, akaniita, "Kaka, watoka wapi?" Sikuwa nimesikia Kiswahili cha mdomo kwa mdomo kwa miezi saba. Tulizungumza hadi Alasiri.

NGUZO YA PALERMO

Kutoka Roma tulikwenda Palermo, kisiwani Sisilia. Treni ikifika ukingo wa bahari inaingizwa melini, mabehewa na abiria wake, inavushwa! Waislamu waliingia kisiwa hicho mwaka 827, wakaushika Palermo mwaka 831, na Wanormani wakauchukua mwaka 1072. Lakini wafalme hao wa Kikristo hawakuwafukuza wanavyuoni mara moja. Mfalme Roger wa Pili alimwajiri Sharif al-Idrisi amchoree dunia. Kwa muda wa miaka 15 hivi al-Idrisi aliwahoji wasafiri na kulinganisha majibu yao, akiyachukua waliyoafikiana. Kazi ikakamilika mwaka 1154. Ndani yake mmetajwa hata Malindi na Mombasa, naye hakufika huko. Alijua kwa kuuliza. Tena katika ramani yake kusini iko juu na kaskazini iko chini. Nilipoambiwa hivyo nilijifariji kidogo juu ya kupotea kwangu dirishani.

Katika Palermo tuliingia kanisa kuu kama watazamaji, kwa sababu moja. Kwenye lango lake la kusini pana nguzo ya kale iliyochongwa aya ya 54 ya Suratul A'raf, inayotaja usiku na mchana, jua, mwezi na nyota. Watalii walikuwa wakipiga picha bila kujua wanachokipiga. Mmoja akatuuliza kama tunaweza kusoma. Rafiki yangu akanisukuma: "Soma wewe." Nikaanza kuisoma aya kwa sauti, watu wamenizunguka. Nilipofika kwenye haa, nikasita. Nilikuwa na miaka 25, nimekwishaswali maelfu ya rakaa, na swali langu la utotoni lilikuwa halijajibiwa.

Nilimaliza kusoma, nikamvuta rafiki yangu pembeni, nikamuuliza swali lile lile. Hakucheka. Aliniambia niweke vidole kooni. Haa ya "Alhamdu" hutoka katikati ya koo, akanionyesha. Haa ya "lillahi" hutoka chini kabisa, karibu na kifua. Tuliirudia pale kivulini pengine mara hamsini, mpaka akasema, "Sasa ni hiyo." Haikuchukua hata robo saa. Nilikuwa nimeibeba aibu hiyo miaka 16.

Nilimaliza masomo Agosti 2009, na somo la topolojia nililirudia nikalifaulu, alhamdulillah. Leo nafundisha hisabati hapa Dodoma.

WASIA WANGU

Wadogo zangu, sisi tumeamrishwa kuwauliza wenye kujua, na wahenga nao walisema kuuliza si ujinga. Si lazima mfike Italia kwa ajili hiyo. Tangu mwaka 2007 chuo kikuu kiko hapa hapa mjini kwetu, na maalim mnaye mbele yenu kila jioni. Anayeuliza na aendelee kuuliza. Lakini wasia wangu mkubwa ni kwa anayesikia mwenziwe akiuliza: usicheke. Wale waliocheka siku ile hawakuwa na nia mbaya, na baadhi yao ni rafiki zangu hadi leo. Nimewauliza tofauti ya zile haa mbili. Wawili kati yao hawakuijua.