Urithi Uliolala Chini ya Mparachichi

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huu umerudiwa madarasani hata ukaelekea kupoteza makali yake. Hata hivyo, kuna nyumba moja mjini Wundanyi, katika milima ya Taita, ambako ulipimwa upya kwa spana na mafuta ya breki. Mbacha wenyewe ulikuwa pikapu aina ya Peugeot 404, iliyolala chini ya mparachichi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva, na panya walikwisha kutafuna nyaya. Kibao cha namba tu ndicho kilichosomeka vyema: herufi tatu na tarakimu tatu, bila ile herufi ya mwisho iliyoongezwa katika magari ya baadaye.

Marehemu aliyeinunua, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuichagua kwa kubahatisha. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha likashinda mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Wakulima na wenye maduka walijionea wenyewe kwamba gari linalostahimili vumbi na matope ya mashindano hayo lingestahimili pia mzigo wa saruji. Pikapu za namna hiyo zilikuwa pia miongoni mwa matatu za mwanzo nchini Kenya. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande kwa nyuzi 45, na gia hubadilishwa kwa mkono ulio kando ya usukani. Silinda zake zina slivu ambazo fundi anaweza kuzing'oa na kuzibadilisha pasi na kuitupa injini nzima. Kwa ufupi, ni mtambo uliobuniwa na watu waliojua kwamba utaharibika, na kwamba kuna atakayeutengeneza.

Mwenye gari alipofariki, watoto wake wawili wakubwa walipendekeza liuzwe kama chuma chakavu. Kitinda mimba, aliyeachiwa kuliendesha duka, alikataa. Alileta daftari mbele ya ndugu zake. Kila juma, fedha za kukodi gari la kubeba mabati, misumari na saruji kutoka Voi zilikuwa zikila faida yote. Mali bila daftari hupotea bila habari; hapa daftari lilikuwapo, na habari yake ilikuwa mbaya.

Hata hivyo, gari la marehemu haliwi la mtu kwa kulitamani tu. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ni sehemu ya mirathi. Sharti mahakama itoe hati ya usimamizi, na kwa kawaida hati hiyo huthibitishwa baada ya miezi sita. Ndugu waliafikiana, wakatia saini, wakangoja.

Aliyebaki kuridhishwa ni mama yao. Jioni moja alimwita kitinda mimba jikoni akamwuliza iwapo alijua kilichoipeleka pikapu chini ya mparachichi.

"Iliharibika, mama."

"Haikuharibika tu, mwanangu. Ilimvunja mtu."

Ndipo aliposimulia. Siku moja marehemu alikuwa akiteremka kwenda Mwatate, mzigo ukiwa nyuma. Katika kona mojawapo ya mteremko ule alikanyaga breki, na kikanyagio kikazama hadi sakafuni. Aliiparamisha pikapu kwenye ukingo wa mlima ili isitumbukie bondeni. Yeye alitoka salama, lakini utingo wake alivunjika mguu na amechechemea tangu siku ile. Marehemu alimlipia matibabu, akaiegesha pikapu, asiitaje tena. Kumbe kilichorithiwa hakikuwa chuma pekee. Kulikuwa na deni ndani yake.

Kijana alimleta fundi mzee aliyezifahamu Peugeot tangu ujana wake. Shauku yake ilikuwa kusikia mngurumo.

"Mzee, tuanze na injini," alisema.

"Kijana, gari haliponi linapoondoka. Hupona linaposimama," fundi alimjibu, akainama kufungua gurudumu la nyuma.

Pistoni za silinda za breki zilikuwa zimeganda kwa kutu. Fundi alieleza kwamba mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na kwa hiyo yasipobadilishwa kwa miaka mingi huozesha chuma kutoka ndani. Mipira ilikuwa imekauka na kupasuka, na bomba moja lilimeguka mkononi kama kijiti. Vipuri vingine vilitafutwa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Vingine vilichongwa na mafundi wa jua kali. Hakuna kipande cha mfumo wa breki kilichorudishwa kwa sababu tu kilionekana kizima.

Baada ya hapo ndipo zamu ya injini ilipofika. Plagi zilitolewa, oili ikatiwa katika silinda na kuachwa ipenye kwa siku kadhaa. Kisha injini ilizungushwa polepole kwa mkono, kwani kuilazimisha kwa betri kungekwaruza slivu. Tangi lilioshwa, na kabureta ikakwanguliwa utando wa petroli iliyogeuka gundi. Klachi iliyokuwa imeng'ang'ania ilibanduliwa. Asubuhi injini ilipoitika, majirani walishangilia, lakini mama hakutoka nje.

Alimtuma mtu amwite utingo wa zamani.

Mzee huyo alikuja na mkongojo wake. Aliizunguka pikapu kimya, akasimama penye ubavu uliobonyea siku ile ya ajali. Aliagiza iteremshwe tupu kwenye mteremko mfupi na kusimamishwa mara tatu. Ikasimama. Akaagiza ipakiwe mifuko kumi na miwili ya saruji, yaani kilo 600, na zoezi lirudiwe. Ikasimama tena. Hapo alimkabidhi mama mkongojo wake, akafungua mlango, akaketi mahali pake pa zamani. Mama alijifunika uso kwa leso. Hapana aliyemwuliza kama alikuwa akilia au akishukuru.

Leo pikapu hiyo hushuka Voi siku za Jumanne na Ijumaa. Si gari la kuonewa fahari. Hunywa petroli kuliko wenzake wa kisasa, hupandia Wundanyi taratibu, na kila mwaka sharti ipelekwe kukaguliwa kama magari yote ya biashara. Hata hivyo, mzigo wa duka hufika, na ukurasa wa kukodi gari katika daftari umebaki mtupu.

Aghalabu tunadhani kwamba kuenzi urithi ni kuupaka rangi na kuuweka mahali pa kutazamwa. Mrithi wa Wundanyi alianza mahali pengine: alitafuta pale urithi ulipowahi kuumiza mtu, akatengeneza hapo kwanza. Mbacha hauthaminiwi kwa kukunjwa na kutundikwa ukutani. Huthaminiwa kwa kushonwa palipochanika, ukatandikwa, ukakaliwa.