Vanishi Ilivyopanda, Mbao Ilivyoshuka

Useremala nilifundishwa na baba mdogo kule Adumi, West Nile nchini Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Siku hizo mahogani na mvule zilifika Arua kwa malori kutoka Ituri kupitia Ariwara. Wauzaji walizungumza Kiswahili cha Kongo, na kwa Kiswahili hichohicho baba mdogo alivutana nao bei. Kabla ya hapo alimwagia mbao maji kidogo. Maji huonyesha kwa dakika chache kile ambacho vanishi itaonyesha kwa miaka: mistari inakoelekea, fundo lilipojificha, nyuzi zinavyopishana.

Nyuzi za mahogani hubadili mwelekeo kadiri mti unavyonenepa, safu moja ikiegemea kulia, inayofuata kushoto. Ukilipasua gogo kuelekea kiini, unapata mistari ya mwanga na kivuli inayohama unapotembea chumbani. Ukilipasua ubapa, yanatokea maumbo ya milima. Baba mdogo alitaka ile ya kwanza kwa sakafu, maana haipungui sana upana inapokauka. Mvule ilikuwa na ukaidi wake. Ndani mna mawe ya chokaa yanayoharibu meno ya msumeno, na mafuta yake huweza kuizuia vanishi isikauke. Tuliifuta kwa tina kwanza, tukapaka mkono mwepesi, tukapiga msasa, tukapaka tena. Ikiwa mpya ni ya manjano, mwanga huigeuza kahawia. Mteja tulimwonya asiwahi kutandika zulia.

Nyumba nyingi za Adumi zilisiribwa udongo na samadi, na mjini watu walipenda saruji. Kazi za sakafu za mbao nilizipata hasa Kampala, na huko ndiko nilikoanza kukutana na mbao za kwenye maboksi, zimekwisha kupakwa kiwandani.

Haki lazima isemwe: vanishi ile inatushinda. Hupakwa tabaka nyembamba nyingi, hukaushwa kwa sekunde chini ya taa za urujuanimno, na mara nyingi huchanganywa na chembe za oksidi ya alumini, madini yaleyale ya kutengenezea msasa. Viti vikivutwa kila siku haikwaruziki upesi. Huoni vumbi lililonasa, wala unywele wa brashi, wala mdudu aliyetua usiku. Mwenye nyumba naye hahami kusubiri harufu iishe.

Shida iko chini ya vanishi. Nyingi ya mbao hizo zina mti wa thamani milimita chache tu juu, wakati mwingine haufiki hata milimita moja, uliogundishwa kwenye plaiwudi. Mara nyingine umemenywa kwa kulizungusha gogo mbele ya kisu, na mistari imetanuka kuwa mawimbi makubwa ambayo msumeno haujapata kuyatoa. Kingo huchongwa mshazari ili kuficha ubao mmoja unapouzidi mwingine kimo, kwa kuwa hakuna atakayepiga msasa baada ya kuzitandika. Basi kila kiungo kinabaki na mfereji mwembamba wa kukusanya uchafu. Zile rahisi kabisa hazina mti juu. Ni picha iliyochapwa kwenye karatasi, na fundo uliloliona mlangoni utalikuta tena dirishani.

Na kwetu West Nile miti yenyewe ilikuwa inakwisha. Mabanda ya kukaushia tumbaku yalikula kuni nyingi, mkaa ukala zaidi. Leo vijana wa Arua wanapaka rangi ya mahogani juu ya mkalitusi, nami siwalaumu. Mwaka 2022, huko Panama, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, zilikubaliana kwamba mahogani ya Afrika na Afzelia, ambayo Waacholi huiita beyo, zisiuzwe nje bila kibali. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote, ingawa beyo ni mojawapo ya mbao bora za sakafu nilizowahi kushika.

Mteja akiniita sasa, namwomba afungue maboksi kadhaa kwa pamoja. Tunazitandaza mbao bila gundi, tunazitazama kwa mwanga wa ubavuni, tunachanganya za boksi hili na lile mpaka mistari itulie. Kisha namuuliza muuzaji: tabaka la juu lina milimita ngapi? Hapo ndipo panapoamua kama sakafu itaweza kupigwa msasa upya hata mara moja. Wengi hunijibu kwa kuniinulia ubao dirishani, nione unavyong'aa.