Mablanketi Yalikuwa kwa Nani?

Mimi ni karani wa Serikali, na kazi yangu tangu asubuhi hata jioni ni kuandika na kuhifadhi barua za watu. Basi naona haya kusimulia habari hii, maana kosa lake ni barua ambayo mimi mwenyewe sikuiandika.

Huku kwetu Nyeri uskauti ni jambo la zamani. Bwana Baden-Powell aliyeuanzisha alifia hapa mwaka 1941, na kaburi lake liko mjini. Tena tangu 1966 iko Tuzo ya Rais, ambayo kijana huipata kwa kuhudumia watu, kujifunza ufundi, kuzoeza mwili, na kufunga safari ya miguu.

Mwalimu mmoja alikuwa na watoto wa Tuzo. Mimi nasaidia kundi la skauti. Na huko Naro Moru wako waongozaji wa Mlima Kenya. Tulipatana kwa mdomo twende pamoja hata Met Station, yapata mita 3,050 juu ya bahari. Mwalimu alidhani waongozaji wana mablanketi. Waongozaji walidhani shule itayaleta. Mimi sikudhani neno. Niliona wakubwa wapo.

Jioni mvua ilitunyeshea njiani. Usiku msichana mmoja alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Msomaji, kuacha kutetemeka namna hiyo si kupona. Ndiyo hatari yenyewe. Mwalimu wa kike akamvua nguo zilizolowa, akamvika koti kavu la mwongozaji, wakamlaza katikati ya wenziwe. Fahamu zilipomrudia akapewa uji wa moto. Kulipopambazuka tukamteremsha, akapona.

Baba yake hakutukemea. Aliniuliza tu, "Karani, mtoto wangu alikuwa mikononi mwa nani?" Sikuwa na jibu.

Wiki iliyofuata tuliketi sote, pamoja na wazazi, nami nikaandika. Shule itafute ruhusa ya wazazi na habari za afya ya kila mtoto. Skauti wawafundishe kufunga mizigo na kupika, na kuwatembeza karibu kwanza. Mablanketi yawe juu ya shule, nayo yahesabiwe kabla ya kupanda gari. Waongozaji walipwe mapema, tena waje shuleni kuwaona watoto kabla ya safari. Walipokuja waliona viatu vya wengi havifai hata kidogo, jambo ambalo sisi tuliowaona kila siku hatukuliona.

Neno lililotuchelewesha ni moja: mwongozaji akisema turudi, turudi, hata mwalimu mkuu akitaka kuendelea. Mwalimu mkuu alilikataa siku mbili. Siku ya tatu alitia sahihi bila kusema kitu.

Yule baba alikuja wa mwisho. Alishika kalamu, kisha akaiweka chini, akaniomba nimsomee tena mstari wa mablanketi.