Hata wa Pembeni Ana Jina



Mtu akirudi kutoka kutazama sinema, swali la kwanza aulizwalo nyumbani ni hili: "Nani alikuwa mkubwa wa mchezo?" Hakuna amwulizaye habari za mama aliyefungua mlango, wala za mzee aliyepita na kikapu. Lakini waondoe hao wote, nawe utamwona mkubwa wa mchezo akisema na kuta. Basi leo twataka kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyecheza sehemu ndogo katika sinema kwa zaidi ya miaka 50. Moja ya sehemu hizo yahusu nchi yetu ya Kongo.

Jina lake Peggy Ashcroft. Alizaliwa Croydon, karibu na London, tarehe 22 Desemba 1907. Kazi yake kubwa ilikuwa ya jukwaani. Mwaka 1930, akiwa na miaka 22, alicheza Desdemona katika mchezo wa Shakespeare uitwao Othello. Othello mwenyewe alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi, mwana wa mtu aliyetoroka utumwa. Wako waliochukizwa kumwona binti mweupe akibusiwa na mtu mweusi mbele ya watu, wakamwandikia barua mbaya. Yeye hakuiacha kazi yake.

Katika sinema hakutafuta kuwa wa mbele. Mwaka 1935 alicheza katika The 39 Steps, sinema ya Alfred Hitchcock. Mtu asiye na hatia anakimbia polisi, anafika usiku katika nyumba ya mkulima huko Skotlandi. Polisi wanapokaribia, mke wa mkulima, ndiye Ashcroft, anampa mgeni koti la mumewe ili asionekane gizani. Anajua kwamba kwa tendo hilo mumewe hatamwachia. Baadaye mgeni yule anapigwa risasi, nayo inakwama katika kitabu cha nyimbo za kanisa kilichosahauliwa mfukoni mwa koti lile. Mwanamke huyo twamwona kwa dakika chache tu, kisha habari yaendelea bila yeye. Lakini pasipo koti lake, habari ingekwisha palepale.

Sisi watu wa Kolwezi twalielewa jambo hili upesi. Kijana anayeshuka shimoni kutafuta shaba au kobalti humwachia mwenzake kamba juu. Akitoka na gunia, watu hulitazama gunia. Mshika kamba hawamwoni. Yule aliyekuwa chini ndiye ajuaye thamani yake.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1959 ilitoka sinema iitwayo The Nun's Story, yaani habari za mtawa, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Mambo ya Kongo yalipigwa picha mwaka 1958 huko Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani. Ni mto wetu wenyewe ufikao huko: maji yanayozuiliwa Nzilo, karibu na Kolwezi, hushuka kaskazini kwa jina la Lualaba, na kuanzia Kisangani huitwa Kongo. Audrey Hepburn ndiye mkubwa wa mchezo, Sista Luke, mtawa muuguzi kutoka Ubelgiji. Peggy Ashcroft ni Mama Mathilde, mkubwa wa masista katika misioni. Sista Luke anafika akitamani kuwauguza watu weusi, naye Mama Mathilde ndiye wa kumwambia kwamba atawekwa katika hospitali ya Wazungu. Ashcroft hapigi kelele wala halii. Uso wake tu unatuonyesha mtu ajuaye kwamba anamwumiza mwenziwe, na kwamba hana budi.

Sinema hiyo tuliitazama pamoja na vijana wa parokia. Waliposikia kwamba msaidizi mmoja wa hospitali anaitwa Ilunga, walipiga makofi, kwani Ilunga ni jina la Kiluba, na Ilunga ni wengi mitaani kwetu. Ndipo kijana mmoja akauliza mchezaji huyo ni mtu wa wapi. Tukamjibu: ni Errol John, wa Trinidad. Na Kalulu je? Ni Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi sisi tulikuwa wapi?"

Watu wa Stanleyville walikuwamo, lakini nyuma, wakipita, bila neno la kusema. Swali lile lilituchoma, nasi twaliona ni la haki. Sisi tulisoma seminari, tukatoka bila kupewa upadri, tukawa makatekista. Mara nyingi twafika kwenye msiba, twaongoza sala tangu jioni hata alfajiri, kisha mtu auliza: "Je, hakuna mtu aliyekuja?" Hivyo twajua kwamba udogo ni wa namna mbili. Uko udogo wa mtu aliyepewa nafasi ndogo yenye jina na kazi, akaikubali na kuijaza. Tena uko udogo wa kubandikwa, mtu awekwe nyuma kabla hajaulizwa anaweza nini. Ule wa kwanza ni heshima. Wa pili tusiuite unyenyekevu, kwani mnyenyekevu hujishusha mwenyewe, hashushwi na wengine.

Ashcroft aliishi ule wa kwanza hata uzee wake. Katika A Passage to India, sinema ya David Lean ya mwaka 1984, alicheza Bibi Moore, mama mzee wa Kiingereza aliyemheshimu daktari Mwislamu wa Kihindi kama mtu mwenzake. Kwa sehemu hiyo alipewa tuzo ya Oscar ya mwaka 1985, ile wapewayo wachezaji wanawake wasaidizi. Alikuwa na miaka 77. Alifariki London tarehe 14 Juni 1991.

Mwishoni mwa sinema majina ya wasaidizi huandikwa kwa herufi ndogo, watu wakiwa wamekwisha inuka. Sisi na vijana wetu siku hizi twakaa mpaka jina la mwisho lipite, nao huyasoma kwa sauti. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Tena Jumapili ijayo, kama hamlijui bado, mwulizeni jina lake yule mama anayefagia kanisa kabla hamjafika.